Giaboksi ya Mkwe

Machi 3, Jumapili

Dada wa Mazoezi, yule wa hospitali anayekuja kumnyoosha Baba viungo, ameniamuru niwe naandika kila siku Baba amefanya nini kwa mkono wake wa kulia. Haya, naandika. Leo mkono wa kulia haukufanya kitu. Wa kushoto umerusha mpira wa mazoezi dirishani, mpira ukatua kwenye tope, na mimi sikwenda kuuokota. Kama hilo nalo ni zoezi, basi tumefanya.

Tangu kiharusi kimpoozeshe upande wa kulia, Baba amebakiwa na neno moja: "Rudisha." Akitaka maji, rudisha. Akitaka mto, rudisha. Nikifungua dirisha, rudisha, nikilifunga, rudisha. Mwanzoni nilikuwa nahangaika kurudisha kila nilichokigusa. Siku hizi naitika tu "Ndiyo, Baba" naendelea na cherehani zangu. Kazi yangu ni kushona na kutengeneza cherehani za watu, na chumba cha mbele kimejaa vichwa vyake kama kambi.

Kaka alikuja leo. Aliendesha mabasi ya masafa marefu mpaka alipostaafu, na bado anaongea kama anayepigia kelele abiria wa viti vya nyuma.

"Mdogo wangu, mvua hizi zikikatika, Baba anakuja kwangu."

"Kwako wapi? Ghorofa ya nne?"

"Kuna lifti."

"Inafanya kazi?"

Akajikuna shingo. Nilijua.

"Sikiliza. Kama mpaka hapo mkono ule utakuwa umeshika kitu, hata kijiko tu, abaki. Usiposhika, namchukua. Siwezi kukuangalia unambeba mtu mzima mpaka na wewe uanguke."

Baba aliyasikia yote. Alikuwa ameketi pale pale, macho yake shambani. Mtu aliyelima ardhi maisha yake yote, akae ghorofa ya nne akiangalia paa za watu! Atakufa, najua atakufa, wala siandiki hivi kwa kuongeza chumvi.

Machi 5

Mvua. Ufa wa ukuta wa jikoni umeanza kuvuja tena, nimeweka ndoo. Mkono: hakuna.

Machi 6

Dada wa Mazoezi ameukuta mpira bado nje. Hakunifokea, aliniambia tu, "Huu hautaki. Mtafutie kitu anachokitaka mwenyewe."

"Anataka nini?"

"Wewe ndiye mwanawe, unaniuliza mimi?"

Amenikera, lakini baada ya kuondoka nilikaa kwenye kiti cha Baba nikaangalia anakoangalia yeye. Kumbe si shamba. Ni banda la Mkwe.

Mkwe ni trekta la bustani, dogo, kimo chake hakifiki kifuani mwangu, na ni kongwe kuliko mimi. Baba alikuwa mtunza bustani wa hospitali, na walipotaka kulitupa akaliomba, akaja nalo nyumbani akiwa amelipanda kama bwana harusi. Jina alilitoa Mama. Alisema huwezi kulifokea, huwezi kuliharakisha, na usipoliendea kwa adabu halikupi neno. Limelima shamba letu tangu hapo. Mwaka jana liligoma kuingia gia. Baba alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulifungua ile siku aliyoanguka. Nilimkuta sakafuni bandani, spana mkononi. Mkono wa kulia.

Nimeamua. Nitamtengeneza Mkwe, na Baba ataushika mkono wa gia kwa mkono ule ule. Mimi ni fundi wa cherehani, si wa matrekta, lakini gia ni gia. Najipa moyo tu hapa.

Machi 8

Nimemtoa Baba mpaka bandani, yeye kanilalia begani, mguu unachora mstari kwenye tope. Nilimwekea kile kiti cha mbao chenye mikono, cha Mama. Nikafungua giaboksi.

Oili yote imekuwa nyeupe, maji yameingia. Nikazamisha kidole nikipapasa meno ya gia mojamoja, na kwenye ile kubwa nikakuta pengo. Jino limekatika, na beringi ya karibu yake imetafunwa mpaka gololi zimetawanyika. Nilipomwonyesha Baba gololi moja alifumba macho na kutikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa.

Mkono: hakuna. Lakini hakusema rudisha hata mara moja.

Machi 9, Jumamosi

Kaka amenikuta nimelowa oili mpaka viwikoni.

"Mtu anaumwa, wewe unahudumia chuma?"

"Kamata hiki kifuniko, ndiyo uongee."

Alikikamata. Kisha akakiweka chini akaenda kukaa ndani ya gari lake mpaka mvua ilipopungua. Namjua, akikasirika hukaa kwenye usukani. Roho yake ngumu. Mara nyingine nafikiri anataka tu kuwaambia watu kwamba Baba yuko kwake.

Machi 12

Nimeosha boliti zote kwa mafuta ya taa. Mvua. Mkono: hakuna.

Machi 13

Nimeipeleka gia kwa fundi wa kuchonga vyuma. Aliigeuza, akainusa kabisa, akasema, "Mama, aliyeitengeneza hii alishazikwa, na aliyemfundisha pia."

"Unaweza kuchonga nyingine?"

"Kesho njoo."

Machi 14

Fundi amesema kesho.

Machi 15

Kesho.

Machi 16

Kaka amepiga simu, hakuja. Ameuliza, "Ameshika?" Nikamwambia bado. Akasema ameshanunua kitanda. Fundi: kesho.

Machi 18

Leo nilikwenda na kiti changu, nikaketi mlangoni pa fundi nikaanza kushona vifungo vya shati la mteja. Wateja wake wakawa wanauliza mimi ni nani. Akawaambia mimi ni kesho. Tulicheka, lakini ameiwasha mashine.

Machi 20

Gia imetoka! Inang'aa mpaka naogopa kuigusa. Nilimwekea Baba mapajani. Akaipapasa kwa mkono wa kushoto, jino kwa jino, akizunguka. Halafu akafanya jambo ambalo nalazimika kuliandika polepole. Aliuchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya gia, akauacha. Na kidole cha shahada kikajikunja. Kilijikunja chenyewe, kikaingia kati ya meno mawili, kikatulia pale.

Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Baba aliniangalia kama mtu anayejiuliza huyu ana nini.

Nilimpigia Kaka. Akasema, "Kidole si mkono." Nikamkatia simu. Mtu gani huyu!

Machi 22

Beringi mpya imeingia, sili mpya ya kuzuia oili isivuje, na gasketi ya kuweka chini ya kifuniko nimeikata mwenyewe kwa mkasi wa kitambaa. Baba ameshika nati kwa mkono wa kulia, akaidondosha, akaishika tena. Mvua ilinyesha mchana kutwa na sikuisikia.

Machi 25

Siku mbaya. Naandika yote, labda nitaelewa nikisoma.

Ilianza vizuri. Nilikuwa nafunga vitu vya nje. Ubavuni mwa giaboksi kuna kikono kidogo cha chuma, kama kidole gumba. Fimbo ndefu inatoka kwenye mkono wa gia, inakuja kukamata kikono hiki. Ukisukuma au ukivuta, kikono kinazunguka, na ndani gia inabadilika kwenda mbele au nyuma. Nilipokuwa nakisugua kutu nikaona kuna mshale umechongwa. Mshale, lakini umeelekezwa chini! Kikono kizima kimefungwa miguu juu. Nikasema, ahaa, Baba uzee ulishaanza kukuvizia. Kumbe ndiyo maana lilikuwa linagoma. Nikakichomoa, nikakigeuza mshale ukaangalia juu kama waundaji walivyotaka, nikaunga fimbo, nikakaza. Nilijiona fundi kweli.

"Rudisha," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Rudisha!"

"Ndiyo, namalizia hapa nikuletee maji."

Akaupiga teke mkebe wa grisi kwa mguu mzima. Ukamwagika wote. Akawa anapiga kelele, rudisha, rudisha, rudisha, mate yanamtoka, uso umemvimba, na mimi nikaogopa kiharusi kinamrudia. Nilimletea maji, akayamwaga. Nikamletea mto, akautupa. Nilimgeuzia kiti aone shamba, akazidi. Ndipo nikashindwa. Nimechoka, mwezi mzima sijalala vizuri, kiuno kinaniuma kwa kumbeba, wateja wanalalamika nguo zao. Nikamfokea baba yangu mzazi.

"Nirudishe nini? Nirudishe nini, Baba? Unamtaka Mama? Huyo siwezi kumrudisha!"

 Baba akageuzia uso ukutani, akalia bila sauti. Nilipiga magoti nikamshika miguu nikamwomba radhi. Hakunigeukia.

Jioni amekataa uji.

Machi 26

Hajala. Mkono: amekataa kunipa.

Machi 27

Amekula kidogo. Hataki kwenda bandani.

Machi 28

Nimejaza oili, nimewasha injini peke yangu. Imekohoa, imetoa moshi mweusi, ikakubali. Nilikuwa nimemnyanyua Mkwe kwa jeki, magurudumu ya nyuma yako hewani. Nikasukuma mkono wa gia mbele, ukaingia laini kabisa, nikazunguka nyuma kuangalia. Magurudumu yanazunguka kuja kwangu, sawasawa, kama gurudumu la cherehani linavyotakiwa. Nikaridhika. Nikapiga vigelegele peke yangu bandani, wa kunijibu hakuna.

Baba alizisikia kelele za injini. Nilipoingia ndani alikuwa amenyoosha shingo dirishani.

Nimemwambia Kaka aje Jumamosi ashuhudie. Redio inasema mvua zinaelekea ukingoni.

Machi 31, Jumapili

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa hospitali. Leo naandika kwa mkono wa kulia, namshukuru Mungu ndio ninaoandikia, maana wa kushoto uko ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko. Vidole viwili vimevunjika na kiganja kimepasuka.

Kaka alikuja asubuhi, mvua ni manyunyu tu. Tulimpandisha Baba kwenye kiti cha Mkwe, tukamfunga kiunoni kwa mkanda. Nikawasha. Kaka mwenyewe alitabasamu, nilimwona. Nikauchukua mkono wa kulia wa Baba nikauweka juu ya mkono wa gia. Vidole vikajikunja, vikaukamata! Nikamwambia Kaka, "Umeona? Ameshika!"

"Nimeona. Sukuma, Baba."

Baba hakusukuma.

"Sukuma mbele, Baba," nikasema na mimi. "Mkwe mzima, amepona."

Akaninong'oneza, "Rudisha." Akautoa mkono kwa ule wa kushoto, akauweka mapajani, akatikisa kichwa.

Tulimbembeleza. Tulimrudishia mkono pale juu, akautoa. Mwishoni akafumba macho kabisa. Kaka akazima injini. Aliongea taratibu, na hilo liliniuma kuliko kama angepiga kelele.

"Basi, mdogo wangu. Umejitahidi. Ameshika, ndiyo, lakini hawezi, na tunamwaibisha."

Tukamteremsha. Kaka akakiweka kiti cha Mama nyuma ya trekta, chini ya ukingo wa bati, asilowe, tukamkalisha. Kisha Kaka akapanda mwenyewe. Alitaka kumtoa Mkwe nje ya banda, alime hata mstari mmoja Baba aone kazi yangu haikwenda bure. Nia yake ilikuwa njema, naandika hivyo na narudia: nia yake ilikuwa njema.

Akawasha. Baba akaanza kupiga kelele. Rudisha, rudisha. Kaka akageuka akamwambia, "Narudi sasa hivi, Baba." Akasukuma gia mbele, akaachia klachi.

Mkwe akaruka nyuma.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya kiti. Nilichokiona ni mkono wa Baba, ule wa kulia, umenyanyuka mbele ya kifua chake kujikinga. Nikakisukuma kiti kwa nguvu zangu zote, kikaanguka ubavu, Baba akabingirika kwenye vumbi, na ndoano ya jembe nyuma ya trekta ikakipasua kile kiti. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika mgongo wa kiti. Ulibanwa kwenye nguzo.

Kaka alikanyaga klachi. Angechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Baba hana jeraha, michubuko tu. Alitambaa mpaka nilipokuwa, akanishika uso.

Hospitali tuliketi kwenye benchi tukisubiri picha ya mifupa. Baba alibaki kwa jirani. Kaka alikuwa anazigeuzageuza funguo za gari, yeye aliyeendesha mabasi miaka yote hiyo bila kugonga hata mbuzi.

"Nilisukuma mbele," alikuwa anasema. "Wallahi nilisukuma mbele. Tangu nikiwa mtoto Mkwe anasukumwa mbele ndiyo aende mbele."

"Kikono kilikuwa kimefungwa juu chini," nikamwambia. "Nilikigeuza. Mshale ulikuwa unaangalia chini."

Akaacha kuzigeuza. Akaniangalia mpaka nikaogopa.

"Ulikigeuza?"

"Kilikuwa kimekosewa."

"Hakikukosewa." Akaufunika uso kwa viganja, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani vyote. "Wewe ulikuwa mgongoni kwa Mama bado. Mimi ndiye niliyemshikia Baba tochi."

Akanisimulia. Mkwe alivyotoka kiwandani, ukitaka aende mbele unavuta mkono wa gia kuja kwako, na ukitaka arudi nyuma unasukuma. Mama alipojifunza kuliendesha, akasukuma ili aende shambani, trekta likarudi kinyumenyume likaupasua ukuta wa jikoni. Ule ufa. Ufa ninaouwekea ndoo kila masika, nikiilaumu mvua! Mama akashuka, akajipangusa, akamwambia Baba, "Mimi sisukumi mbele ili nirudi nyuma. Sina wazimu. Aliyetengeneza hii mashine ni mwongo." Akakataa katakata kuigusa tena. Baba hakubishana. Jioni ile ile alikichomoa kikono, akakigeuza miguu juu, na tangu siku hiyo ukisukuma mbele Mkwe anakwenda mbele.

"Alimgeuzia," Kaka akasema. "Hakumfundisha Mama. Alilifundisha trekta."

 Nilikuwa naisikia sauti yangu bandani, nikimuuliza baba yangu kama anataka nimrudishe Mama. Kumbe ndilo alilokuwa analitaka, na lilikuwa linawezekana, spana ninayo mkononi.

Kabla hatujatoka Kaka akasema, "Lakini Jumamosi ya wiki ijayo namchukua. Sasa na wewe huna mkono. Nani atamnyanyua?"

 Ana haki. Akaongeza, bila kuniangalia, "Kule kwangu hata chai nainywa nimesimama. Sina wa kukaa naye." Sijawahi kumsikia akisema neno kama hilo. Nilikuwa nadhani anamtaka Baba kwa ajili ya sifa.

Aprili 2

Leo kila Baba aliposema rudisha nilisimama, nikamuuliza, "Ilikuwa wapi?" Akaonyesha kwa kidevu. Mto: anautaka upande wa ukutani, ulipokuwa wakati wa Mama. Kikombe: kwenye rafu ya chini, si ya juu nilikokihamishia mimi. Dirisha: nusu. Kumbe nyumba nzima nilikuwa nimeipindua, na yeye ananiambia siku zote. Ee Mungu, nilivyokuwa namwitikia!

Aprili 4

Tumekirudisha kikono. Baba na mimi tuna mikono minne, mizima ni miwili tu. Yeye aliishikilia spana kwa wa kushoto, mimi nikazungusha kwa wa kulia, tukawa tunagongana vichwa. Nati ilipoteleza ikaingia kwenye plasta yangu tulicheka mpaka akapaliwa. Mshale sasa unaangalia chini, mahali pake. Baba aliupapasa kwa kidole cha kulia. Hakusema rudisha.

Nilinyanyua magurudumu kwa jeki nikajaribu. Nikasukuma mbele, nikasimama tena nyuma kuangalia: yanazunguka kwenda mbali na mimi. Kwenye cherehani ningesema limeharibika.

Aprili 5

Jua. Ardhi inatoa mvuke. Nimemfungia Baba nguo kwenye begi, kwa mkono mmoja, na kila niliyoikunja ilikunjuka. Nimelia kidogo. Mkono wa kulia: umeshika kola ya shati nikilifunga vifungo.

Aprili 6, Jumamosi

Mkono wa kulia: nitaeleza.

Kaka amekuja na gari la mizigo la kuazima. Alipakia begi, akapakia kiti cha choo, akapakia godoro la Baba, akalifunga kwa kamba. Hakuwa na haraka. Baba alikuwa ameketi mlangoni amevaa koti lake la hospitali, lile la mtunza bustani.

Nikasema, "Kaka, kabla hamjaondoka. Mara moja tu."

Alilitazama banda, akautazama mkono wangu. "Nisimame wapi?" akauliza.

"Mbali."

Alimnyanyua Baba peke yake akamweka kwenye kiti cha Mkwe, akamfunga mkanda, kisha akaenda kusimama karibu na gari lake, mbali kweli kweli. Nikawasha. Mimi nikakaa juu ya chuma cha kufunika gurudumu, kando ya Baba.

Sikuubeba mkono wake. Aliupandisha mwenyewe, ukipapasa, ukipotea njia, mpaka ukaupata mkono wa gia. Nguvu za kuvuta hana, hilo nililijua. Aliulalia. Aliinamisha bega lote, kifua chote, akausukuma kwa uzito wake, kama mtu anayefungua mlango mzito. Ukaingia. Akaachia klachi kwa mguu wa kushoto.

Mkwe akaenda mbele.

Tulitoka bandani, tukaingia shambani, udongo mlaini ukaanza kujigeuza nyuma yetu. Mstari wetu ulipinda ovyo. Baba alishika usukani kwa kushoto na alikuwa anaimba kitu kisicho na maneno. Tulifika kwenye ua mwishoni mwa shamba, akakanyaga klachi, akautoa mkono wa gia kwa kushoto, tukasimama. Alikuwa anahema, na mkono wa kulia ulikuwa umeanguka mapajani, umechoka.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini, Baba? Ilikuwa wapi?"

Akanishika kiganja changu kizima, akakiweka juu ya mkono wa gia.

"Mimi? Baba, mimi sijui kuendesha. Sijawahi."

"Rudisha," kwa upole, na kidevu akaelekeza nyumbani.

Yeye akakata usukani mpaka mwisho. Mimi nikasukuma mbele, na kweli, hakuna cha kufikiri pale, mkono wenyewe unajua. Tukageuka. Tukaanza kurudi, nyumba ikija mbele yetu na ule ufa wake ukutani, na mimi nikawa nalia kwa sauti kubwa na kucheka, maana kama ningejaribu kuendesha zamani ningejua siku nyingi kwamba kikono hakikukosewa.

Tulipokaribia nikamwona Kaka amelibeba godoro kichwani. Nikasema moyoni, huyu bado anapakia tu, hata hakuangalia. Baba naye akamwona. Akapiga kelele kuishinda injini, "Rudisha!"

Kaka akageuka, godoro nalo likageuka, na ndipo nikaona kwamba gari liko nyuma yake na yeye ameelekea mlangoni.

"Narudisha, Baba, si unaniona?" akajibu kwa ile sauti yake ya viti vya nyuma. "Na langu nalileta kesho."